Kuiandikia Kampuni Changa kwa Kujiamini

Maandishi ya matangazo, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni maneno yote ambayo biashara humwandikia mteja ili achukue hatua fulani, iwe ni kununua, kujisajili, kupiga simu au kupakua programu. Yanajumuisha kichwa kilicho juu ya ukurasa wa kwanza wa tovuti, ujumbe mfupi wa simu, maneno ya bango la barabarani, na hata yale maneno mawili matatu yaliyo juu ya kitufe ambacho mteja hutakiwa kukibonyeza. Kampuni changa nayo ni biashara mpya ambayo bado inatafuta njia ya kujiendesha kwa faida, ambayo pengine inauza kitu kisichowahi kuuzwa kwa namna ile, na ambayo mara nyingi huishi kwa fedha za wawekezaji au kwa akiba ya waanzilishi wake. Mambo hayo mawili yanapokutana huzaa kazi yenye ugumu wa pekee, kwa kuwa mwandishi wa kampuni kongwe ya sabuni hurithi jina linalofahamika tangu enzi za babu, ilhali mwandishi wa kampuni changa hurithi ukurasa mtupu, bidhaa inayobadilika kila mwezi, na msomaji ambaye hana sababu yoyote ya kumwamini.

Ugumu huo huacha alama katika maandishi yenyewe. Mwandishi asiyejiamini ama hutia chumvi, akirundika sifa kama "bora", "ya kisasa" na "ya kimapinduzi" mpaka msomaji ashindwe kujua kinachouzwa ni nini, ama hujihami, akiizungushia kila ahadi maneno ya tahadhari na kuuficha ujumbe katika aya ya nne ambako wachache watafika. Sura hizi mbili huonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni kutojua: anayetia chumvi hana jambo mahususi la kusema kuhusu bidhaa, na anayejihami hana uhakika kama analolisema ni kweli. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kumtaka mwandishi ajitie moyo kwa maneno matamu una manufaa madogo, wakati hofu yake, ikichunguzwa vizuri, inaweza kumwonyesha mahali hasa ambapo uchunguzi wake umepungua.

Saikolojia inaunga mkono mtazamo huu. Albert Bandura, katika makala aliyoichapisha mwaka 1977, alieleza dhana ya imani aliyo nayo mtu kwamba anaweza kuitimiza kazi fulani mahususi, imani ambayo si lazima iambatane na hali ya jumla ya kujithamini, kwa kuwa mtu anaweza kujithamini sana na bado akaamini kwamba hawezi kuogelea. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kuifanya kazi yenyewe na kufaulu, kuwaona wengine wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kazi, naye alikiona chanzo cha kwanza kuwa ndicho chenye nguvu zaidi. Kwa mwandishi wa kampuni changa maana yake ni kwamba hapaswi kusubiri apewe kampeni kubwa ndipo ajione mwandishi, maana kampuni ya aina hiyo imejaa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyagombania, kama vile ujumbe wa kuthibitisha malipo, barua pepe ya kumkaribisha mteja mpya, au maelezo yanayotokea pale muamala unaposhindikana, na kila moja kati ya hayo, likiandikwa vizuri, hupunguza simu za malalamiko kwa kiasi ambacho wahudumu wa wateja watakiona wenyewe.

Mwaka mmoja baada ya makala ya Bandura, Pauline Clance na Suzanne Imes walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanawake waliokuwa na shahada na vyeo, lakini ambao ndani ya nafsi zao waliamini kwamba wamewadanganya watu na kwamba siku moja wangeumbuliwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba sifa na vyeti havikutosha kuiondoa hofu hiyo, na waandishi wengi wa matangazo wanaifahamu hali hiyo, hasa wale walioingia katika kazi bila kuisomea, wakitokea ualimu, uandishi wa habari au ukarani. Mtu wa namna hii hasaidiwi na pongezi za meneja. Husaidiwa zaidi na ushahidi alioukusanya kwa mikono yake, ambao hauwezi kupingwa na hisia za usiku.

Katika Afrika Mashariki kuna chanzo kingine cha kusita ambacho vitabu vya Marekani havikitaji. Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imewalea watu wengi katika imani kwamba anayekisifu kitu chake hadharani anaficha kasoro, na mwandishi aliyelelewa katika adabu hiyo huona haya kuandika sentensi inayouza. Hata hivyo wafanyabiashara wa miji ileile wana msemo wao kwamba biashara ni matangazo, na misemo hii miwili imeishi pamoja bila ugomvi kwa sababu kila mmoja una mahali pake. Methali inahusu soko ambalo mnunuzi anaweza kukishika kitu, kukinusa na kukionja. Chungwa zuri halihitaji kuelezwa. Programu ya simu, bima ya mazao au taa ya jua inayolipiwa kidogo kidogo haiwezi kunuswa, na mteja ambaye hakuelezwa haitambui hata ikiwa imepita mbele yake. Kumweleza mtu wazi kwamba kitu fulani kipo, kinafanya kazi gani na kinagharimu kiasi gani ni huduma kwake, na hakuna aibu ndani yake maadamu maelezo ni ya kweli.

Kikwazo kinachofuata hutoka kwa waanzilishi wenyewe. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwagawa watu katika makundi mawili, wengine wakigonga meza kwa mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengine wakisikiliza na kukisia ni nyimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa, lakini kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, na hakuweza kuamini kwamba mwenzake anasikia kelele za kidole. Mwanzilishi aliyelala na kuamka na wazo lake kwa miaka miwili yuko katika hali hiyohiyo: anapoandika kwamba kampuni yake inaleta mapinduzi ya kidijitali katika mnyororo wa thamani wa kilimo, yeye anawaona wakulima, mizani na malori, wakati msomaji anaona maneno matupu. Hapa ndipo mwandishi asiyejua chochote kuhusu bidhaa anapokuwa na faida ambayo kwa kawaida huidharau, kwani ujinga wake wa siku za mwanzo ndio unaomfanya aulize maswali ambayo mteja angeuliza, na inafaa ayaandike maswali hayo yote mara anapoingia, kabla naye hajaanza kuusikia wimbo.

Ili jambo hili lieleweke kwa undani, tuchukulie kampuni changa inayotaka kuwaunganisha wakulima wa viazi wa Njombe na wanunuzi wa Dar es Salaam kwa njia ya simu. Mwandishi anayekaa ofisini na kusoma maelezo ya mradi ataandika kuhusu uwazi, ufanisi na upatikanaji wa masoko, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyomo katika maombi ya fedha. Mwandishi anayekwenda shambani na kuuliza ataambiwa habari za dalali anayefika na bei iliyokwisha kupangwa, za lori linaloondoka na viazi huku malipo yakisubiriwa kwa majuma, na zaidi ya yote za lumbesa, yaani gunia linaloongezewa kilemba juu mpaka likapita mbali kipimo cha halali cha kilo 100, ilhali mkulima analipwa kama kwamba ni gunia la kawaida. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania imekuwa ikipiga vita ufungashaji huo kwa muda mrefu, na kila mkulima wa viazi na vitunguu anaujua kwa uchungu. Baada ya mazungumzo hayo maandishi yanakaribia kujiandika yenyewe: "Viazi vinapimwa kwa kilo mbele yako. Hakuna lumbesa. Pesa inaingia kwenye simu kabla lori halijaondoka." Mwandishi wa sentensi hizi hahitaji ushujaa wowote ili kuzitetea mbele ya meneja wake, kwa sababu amezipokea kutoka kwa watu ambao zimeandikwa kwa ajili yao, na kilichobaki ni kuihakikishia nafsi yake kwamba kampuni kweli inapima kwa mizani na kweli inalipa kwa wakati uliotajwa.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mkulima akiulizwa kama angependa programu ya kuuzia viazi atajibu kwamba angependa sana, kwa kuwa ni adabu kumkubalia mgeni, na jibu hilo halina thamani. Akiulizwa mara ya mwisho alimuuzia nani, bei ilipangwa na nani, fedha aliipata baada ya muda gani na alifanya nini wakati akiisubiri, atasimulia mambo yaliyotokea, na ndani ya masimulizi hayo mna maneno ambayo hakuna mwandishi angeweza kuyabuni. Inampasa mwandishi kuyanukuu kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha, kwa kuwa mara nyingi neno moja la mkulima lina nguvu kuliko aya nzima ya ofisini. Pia inampasa kuzungumza na wale waliokataa kujiunga na wale waliojiunga kisha wakaacha, kwani hao ndio wanaoyajua mashaka ambayo maandishi yanapaswa kuyajibu.

Wakongwe wa taaluma hii walifanya hivyo kabla ya kuwapo kwa kompyuta mezani. David Ogilvy, aliyeanzisha wakala wake wa matangazo jijini New York mwaka 1948, alikuwa amewahi kuuza majiko ya Aga mlango kwa mlango huko Scotland, na mwaka 1935 akaandika mwongozo kwa ajili ya wauzaji wenzake. Alipopewa kazi ya kuitangaza gari ya Rolls-Royce mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa maelezo yake mwenyewe alitumia wiki tatu akisoma kuhusu gari hiyo, kisha akaandika vichwa 26 vya tangazo. Kile kilichochaguliwa kilitokana na taarifa ya kiufundi iliyokuwa imekwisha kuchapishwa, kwamba gari ikienda maili 60 kwa saa, yaani kilomita kama 97, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Watu husifu ubunifu wa kichwa hicho, lakini linalostahili kuigwa zaidi ni wiki tatu za kusoma na vichwa 25 vilivyoachwa, kwa sababu mwandishi aliyeandika vichwa viwili tu hukishikilia kimojawapo kwa woga, na aliyeandika ishirini na sita anajua kwa nini amekichagua alichokichagua.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa katika M-Pesa, ambayo ingawa ilizaliwa ndani ya Safaricom, kampuni iliyokwisha kuwa kubwa, ilikuwa na matatizo yote ya kampuni changa: huduma isiyojulikana, teknolojia mpya, na wateja waliokuwa na kila sababu ya kuogopa fedha zao zisipotelee hewani. Majaribio yake yalianza mwaka 2005 kwa ushirikiano na taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, na lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Wakati wa majaribio waendeshaji waligundua kwamba wateja wanaitumia huduma kwa mambo ambayo hayakupangwa: waliwatumia jamaa zao fedha, wakalipana katika biashara, na wengine waliiweka fedha humo kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Huduma ikarahisishwa, na ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007 tangazo lake kuu halikusema lolote kuhusu mikopo midogo wala kuhusu teknolojia. Liliwahimiza watu watume pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi ambaye mpaka wakati huo alimpa dereva wa basi bahasha yenye fedha za wazazi wake walioko kijijini alielewa mara moja, na kabla ya mwaka huo kwisha waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja. Ni kweli kwamba maneno peke yake yasingefanikisha hilo bila mtandao wa mawakala na bila bei inayovumilika, lakini ni kweli pia kwamba tangazo la mikopo midogo lingewafikia watu wachache sana. Kilichowapa waandishi wake ujasiri wa kuyaacha malengo ya awali ya mradi ni kwamba walikuwa wamewaona wateja kwa macho.

Kufupisha na kuacha ni sehemu ngumu ya ujasiri huo, kwa sababu kila mtu katika kampuni changa ana sifa yake moja anayotaka iingie. Apple ilipoizindua iPod mwezi Oktoba 2001, kifaa kilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 5, na mhandisi yeyote angependa takwimu hiyo iwe mbele. Badala yake wanunuzi waliahidiwa nyimbo 1,000 mfukoni, na kila mtu aliyewahi kubeba kanda au diski alijua maana yake. Takwimu ya kiufundi haikuwa ya uongo wala haikufichwa, ila ilipelekwa mahali pake, kwenye maelezo ya ndani, ambako wanaoihitaji wangeikuta.

Wapo wanaodhani kwamba kujiamini maana yake ni kupaza sauti, na kwa hao uchunguzi uliofanywa na John Morkes na Jakob Nielsen mwaka 1997 ni wa kuzingatiwa. Watafiti hao waliandika tovuti moja kwa namna tano tofauti, wakapima jinsi watu wanavyoweza kuitumia, yaani kupata taarifa kwa haraka, bila makosa na kuikumbuka baadaye. Maandishi yaliyoondolewa majigambo bila kubadilishwa jambo lingine lolote yalipata alama zilizozidi kwa asilimia 27, na yale yaliyoondolewa majigambo, kufupishwa na kupangwa ili jicho lipite kwa urahisi yalizidi kwa asilimia 124. Maelezo yao yalikuwa kwamba msomaji akikutana na majigambo hulazimika kusita na kujiuliza kama anadanganywa, na kusita huko kunamchosha. Mwandishi anayejiamini basi husikika kwa utulivu wake: anasema bei, anasema muda, anasema kitu hakifanyi nini, kisha ananyamaza.

Hili la kusema kitu hakifanyi nini linahitaji mkazo, kwa kuwa ndilo linalotenganisha kujiamini na ulaghai. Soko la mikopo ya simu nchini Kenya lilitoa funzo chungu katika miaka ya 2010, pale programu nyingi zilipowavuta watu kwa ahadi za fedha za papo hapo huku gharama zikiwa katika masharti marefu ambayo hayasomwi, na malalamiko yakazidi mpaka sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa mwaka 2021 na kanuni zikatolewa mwaka 2022, zikiwataka watoaji mikopo hao wawe na leseni, waeleze gharama wazi, na waache kuwatisha wadaiwa na kuwaaibisha kwa jamaa zao. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Mwandishi anayeagizwa kuandika "mkopo nafuu bila masharti" na kusikia mkono wake ukisita anapaswa kuusikiliza mkono huo, kwa sababu hakuna mkopo usio na masharti. Tuseme mteja anayekopa shilingi 5,000 atarudisha 5,750 baada ya siku 30. Sentensi "Kopa 5,000 leo, rudisha 5,750 baada ya siku 30" haina sifa hata moja, lakini inaweza kusomwa mbele ya mteja, mbele ya msimamizi wa sheria na mbele ya mama wa mwandishi bila neno kubadilishwa. Ikiwa mwanzilishi anaogopa kwamba takwimu hizo zitawakimbiza wateja, basi tatizo liko katika bei, na mwandishi asijitwike lawama ya kushindwa kulifunika kwa maneno.

Katika ukanda huu kuna jambo jingine linalonyong'onyeza ujasiri wa waandishi, nalo ni desturi ya kuandika kila kitu kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa wawekezaji husoma lugha hiyo, kisha kumkabidhi mtu fulani kazi ya kutafsiri siku moja kabla ya uzinduzi. Matokeo yake ni Kiswahili kinachotembea kwa magongo, kilichojaa "kukuwezesha kufurahia uzoefu wa kipekee", ambacho mama lishe wa Kariakoo hajawahi kukisema wala kukisikia. Mwandishi mwenye msimamo huomba aelezwe bidhaa kwa mdomo na kisha aandike kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, akitumia maneno ambayo wateja huyatumia wanapozungumzia fedha zao: makato, salio, wakala, kutoa, kurudisha. Anapaswa pia kujua ni Kiswahili cha nani, maana Sheng inayowavuta vijana wa Nairobi itamfanya mzee wa Tanga ajione si yeye anayeandikiwa, na salamu ya "Ndugu mteja" iliyozoeleka Tanzania ina heshima ambayo haifai kuachwa ovyo pale habari yenyewe inapohusu deni.

Vipimo vya simu navyo ni mwalimu mkali. Ujumbe mfupi mmoja huchukua herufi 160, nafasi na alama zikiwemo, na ukurasa mmoja wa menyu ile inayofunguka mtu anapopiga namba zenye nyota na alama ya reli hauzidi herufi 182. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo anayeandika "Tunapenda kukutaarifu kwamba" amekwisha kutumia karibu sehemu moja ya sita ya ujumbe bila kusema kitu. Mwandishi anayejifunza atapata mazoezi mazuri akiuchukua ujumbe wowote wa kampuni uliomo katika simu yake na kuuandika upya kwa nusu ya herufi bila kupoteza kiasi, tarehe wala hatua inayotakiwa, kwani baada ya mazoezi ya aina hiyo kwa mwezi mmoja ukurasa wa tovuti huonekana kuwa uwanja mpana.

Baada ya kuandika huja mapitio, na ni hapa ambapo waandishi wengi huvunjika. Katika kampuni changa kila aliyemo chumbani ana maoni kuhusu maneno, kwa sababu kila mtu anajua kusoma, na rasimu iliyokuwa wazi hurudi ikiwa na vivumishi vya idara tano. Kukataa kila kitu ni kiburi, na kukubali kila kitu ni kuiacha kazi. Mwandishi anayekuja kikaoni na maneno ya wateja yaliyonukuliwa anaweza kuyahamisha mazungumzo kutoka kwenye ladha ya mtu hadi kwenye ushahidi, na anaweza kumwuliza mhandisi, kwa heshima na kwa nia ya kujua, ni mteja yupi aliyewahi kulitaja jambo analotaka liongezwe. Wakati mwingine mhandisi ana jibu zuri, na hapo maandishi hufaidika. Mwandishi aliye imara hafedheheki kwa kusahihishwa na mtu anayeijua bidhaa zaidi yake.

Takwimu zina mahali pake, lakini zinaheshimiwa kupita kiasi. Claude Hopkins, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alieleza jinsi ya kuhesabu kuponi zilizorudishwa na wasomaji ili kujua tangazo lipi linauza, na majaribio ya leo, ambapo nusu ya wageni wa tovuti huonyeshwa maandishi haya na nusu nyingine maandishi yale, ni wajukuu wa kuponi hizo. Hopkins alikuwa akihesabu majibu mengi mno kuliko kampuni changa inavyoweza kupata. Ikiwa kila upande umeonwa na watu 200, na upande mmoja umejisajili watu 6 na mwingine 10, tofauti hiyo inaweza kabisa kuwa imeletwa na bahati, na mwandishi anayejiona ameshindwa kwa sababu ya watu wanne anajitesa bure, sawa na yule anayejivuna kwa sababu yao. Idadi ikiwa ndogo hivyo, inafaa zaidi kukaa na watu watano, mmoja baada ya mwingine, kuwapa ukurasa wausome, kuuondoa, kisha kuwaomba waeleze kwa maneno yao kampuni inauza nini na inatoza kiasi gani. Pale wanapokwama panaonekana bila hesabu yoyote.

Maandishi yaliyofaulu nayo huzeeka. Eugene Schwartz, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alieleza kwamba wateja hutofautiana kwa kiwango cha ufahamu, kuanzia asiyejua kwamba ana tatizo, hadi anayejua tatizo lakini hajui kama lina suluhisho, mpaka anayeijua bidhaa yenyewe na kusubiri kuambiwa bei. Kampuni changa hupita katika viwango hivyo kwa kasi. Mwaka 2007 ilibidi Wakenya waelezwe kwamba fedha inaweza kwenda kwa simu, na miaka sita baadaye, Safaricom ilipoleta Lipa na M-Pesa, aliyehitaji kushawishiwa alikuwa mwenye duka, ambaye tayari alijua kutuma na kupokea na sasa aliuliza atakatwa kiasi gani kwa kila malipo. Kampuni yetu ya viazi itafika huko pia: msimu wa pili wakulima wengi wa Njombe watakuwa wamekwisha kusikia kwamba kuna mizani na hakuna lumbesa, na washindani watakuwa wakisema maneno yaleyale, hivyo mwandishi atalazimika kuiondoa sentensi iliyomletea sifa na kurudi shambani na maswali mengine, akianza na yule mkulima aliyeuza mara moja, akalipwa kwa wakati, na bado msimu huu amempa viazi vyake dalali.